Baiskeli ya lami na baiskeli ya changarawe

Baiskeli ya lami na baiskeli ya changarawe ni aina mbili za baiskeli za michezo na safari ambazo zikitazamwa kwa mbali hufanana sana. Zote mbili zina usukani wenye pembe zilizopinda kuelekea chini, magurudumu makubwa na fremu ambayo kwa kawaida haina shokomzoba. Tofauti zake ziko katika upana wa tairi, umbo la fremu, giya na breki. Baiskeli ya lami, ambayo huitwa pia baiskeli ya mbio za barabarani, hutengenezwa kwa ajili ya kasi juu ya barabara laini. Baiskeli ya changarawe hutengenezwa kwa ajili ya barabara za udongo, kokoto na vumbi, lakini huweza pia kwenda vizuri kwenye lami.

Tofauti iliyo ya msingi kuliko zote ni nafasi iliyoachwa katika fremu na uma kwa ajili ya tairi. Giya, usukani, tandiko na hata magurudumu vinaweza kubadilishwa baadaye. Nafasi hiyo haiwezi kuongezwa. Kwa sababu hiyo anayelinganisha baiskeli hizi hutazama kwanza upana wa tairi inayoweza kuingia, ndipo atazame bei, uzito na chapa ya vipuri.

Historia

Mashindano ya zamani ya baiskeli yalifanyika kwenye barabara ambazo hazikuwa na lami. Tour de France ilipoanza mwaka 1903, washindani walipita kwenye vumbi, matope na mawe kwa baiskeli nzito za chuma. Jambo lililowawezesha kustahimili njia hizo ni tairi ya kujazwa upepo, ambayo John Boyd Dunlop aliitengeneza mjini Belfast mwaka 1888.

Kadiri lami ilivyoenea katika karne ya 20, baiskeli za mbio zilibadilika. Fremu zilibanwa, magurudumu ya mbele na nyuma yalisogezwa karibu, na tairi zikawa nyembamba. Kufikia mwisho wa karne hiyo tairi ya mashindano ilikuwa kwa kawaida na upana wa milimita 23 au pungufu, nayo ilijazwa upepo hadi zaidi ya psi 100 (pauni kwa kila inchi ya mraba). Iliaminika kwamba tairi nyembamba na ngumu ndiyo yenye kasi zaidi.

Hata hivyo barabara za zamani hazikutoweka katika mchezo huu. Mashindano ya Paris–Roubaix nchini Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1896, bado hupita kwenye barabara zilizotandazwa mawe. Nchini Italia, safari ya L'Eroica ilianzishwa mwaka 1997 katika eneo la Toscana ili kuzihifadhi barabara nyeupe za changarawe, na mwaka 2007 yakafuata mashindano ya weledi ambayo leo huitwa Strade Bianche.

Baiskeli ya changarawe ya kisasa ilikua hasa nchini Marekani, katika majimbo ya katikati yenye mtandao mkubwa wa barabara za mashambani zisizo na lami. Mwaka 2006 mashindano ambayo sasa huitwa Unbound Gravel yalifanyika kwa mara ya kwanza katika mji wa Emporia, jimbo la Kansas. Mbio zake kuu ni za maili 200, yaani takriban kilomita 320, nazo hupita kwenye vilima vya Flint Hills. Vilima hivyo vimepewa jina la jiwe gumu lenye ncha kali ambalo hukata tairi kwa urahisi.

Mwanzoni washiriki wengi walitumia baiskeli za saiklokrosi, yaani za mbio fupi za kuzunguka viwanja vya matope. Baiskeli hizo hazikufaa sana kwa safari ya siku nzima. Mbio za saiklokrosi huchukua takriban saa moja tu, na kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) haziruhusu tairi pana kuliko milimita 33. Mwaka 2012 kampuni ya Salsa ya Marekani ilitoa baiskeli iitwayo Warbird, ambayo ni miongoni mwa za kwanza kuundwa mahususi kwa mbio za changarawe. Makampuni mengine yalifuata. Mwaka 2022 UCI iliandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa changarawe katika mkoa wa Veneto, Italia. Washindi walikuwa Gianni Vermeersch wa Ubelgiji na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa.

Fremu na mkao

Katika baiskeli ya lami, mrija wa mbele unaoshika uma husimama kwa pembe ya takriban nyuzi 73, na umbali kati ya ekseli mbili ni karibu mita moja. Baiskeli ya namna hii hugeuka upesi na huitikia mara moja mkono wa mwendeshaji. Mwili huinama mbele ili kupunguza eneo linalopigwa na hewa.

Katika baiskeli ya changarawe pembe hiyo hulala kidogo zaidi, mara nyingi kati ya nyuzi 70 na 72, na umbali kati ya ekseli huongezeka kwa sentimita chache. Matokeo yake baiskeli hushika mstari wake hata gurudumu la mbele linapogonga jiwe au kuingia kwenye mchanga. Usukani huwa juu kidogo, na pembe zake za chini hutanuka nje ili mikono iwe na nguvu zaidi ya kuongoza.

Fremu za aina zote mbili hutengenezwa kwa feleji, alumini, titani au nyuzi za kaboni. Kaboni ni nyepesi na huweza kufinyangwa katika umbo lolote, lakini ikipigwa na jiwe kwa nguvu huweza kupasuka ndani bila dalili kubwa kwa nje. Feleji ni nzito, lakini fundi mwenye mashine ya kuchomelea huweza kuitengeneza. Alumini ni nafuu na nyepesi, ila kuichomelea upya kunahitaji ujuzi na vifaa maalumu.

Katika mashindano ya barabarani UCI hairuhusu baiskeli yenye uzito chini ya kilogramu 6.8. Baiskeli nyingi za changarawe huwa na kilogramu 8 hadi 10 au zaidi, kwa sababu ya tairi pana, fremu imara na matundu ya skrubu ya kufungia chupa, mifuko na matope-gadi.

Tairi na upepo

Baiskeli za lami za siku hizi hutumia tairi za milimita 25 hadi 32. Za changarawe hutumia milimita 35 hadi 50.

Imani ya zamani kwamba tairi ngumu ndiyo yenye kasi ina ukweli tu mahali ambapo barabara ni laini kabisa. Kwenye njia mbovu, tairi ngumu haibonyei inapokutana na jiwe, bali huiinua baiskeli nzima pamoja na mwendeshaji. Kila kuinuliwa hutumia nguvu ambayo ingesukuma baiskeli mbele. Tairi pana yenye upepo kiasi hubonyea, hulipita jiwe na kurudi katika umbo lake. Hivyo huokoa nguvu, hupunguza uchovu wa mikono na mgongo, na hushika ardhi vizuri zaidi. Kwa sababu hiyo hata wapanda baiskeli weledi wa lami wameacha tairi za milimita 23.

Kanieneo (presha) inayofaa hutegemea uzito wa mtu, upana wa tairi na hali ya njia. Kwa mtu wa uzito wa wastani, tairi ya milimita 28 hujazwa takriban psi 65 hadi 85, na ya milimita 40 takriban psi 30 hadi 45. Upepo ukiwa mdogo kupita kiasi, tairi hubanwa kati ya jiwe na rimu, na tyubu hutobolewa matundu mawili yanayofanana na alama ya meno ya nyoka.

Ili kuepuka pancha ya namna hiyo, baiskeli nyingi za changarawe hutumia tairi zisizo na tyubu. Ndani yake humiminwa majimaji maalumu ambayo hukimbilia kwenye tundu dogo na kuliziba. Majimaji hayo hukauka baada ya miezi michache, na katika hali ya joto hukauka mapema zaidi, hivyo hayana budi kuongezwa. Hata anayetumia mfumo huu hubeba tyubu moja ya akiba, kwa kuwa mchano mkubwa hauzibwi na majimaji.

Kusoma vipimo vya tairi

Kila tairi ina namba zilizoandikwa ubavuni. Zilizo sahihi zaidi ni zile zenye kistari katikati, kwa mfano 40-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi inapokaa kwenye rimu.

Vipimo vya inchi huweza kupotosha, kama mifano hii inavyoonyesha:

- 622: hutumiwa na karibu baiskeli zote za lami na nyingi za changarawe, ambazo huandikwa 700C. Baiskeli za milimani zinazoitwa za inchi 29 hutumia kipenyo hichohicho.
- 584: huandikwa 650B au inchi 27.5. Baadhi ya baiskeli za changarawe hukubali magurudumu haya ili zibebe tairi pana zaidi.
- 635: huandikwa 28 × 1½. Ni kipimo cha baiskeli nyingi nzito za kubebea mizigo zinazoonekana Afrika Mashariki.
- 559: ni kipimo cha baiskeli za milimani za zamani za inchi 26.

Tairi ya 635 haiwezi kukaa kwenye rimu ya 622, ingawa zote mbili huweza kuitwa za inchi 28 dukani. Kwa upande mwingine, mwenye baiskeli ya changarawe aliyepungukiwa na tyubu safarini huweza kutumia ya baiskeli ya inchi 29, mradi upana wake ukaribiane na wa tairi yake.

Giya

Baiskeli ya lami kwa kawaida ina magurudumu mawili ya meno mbele, kwa mfano yenye meno 50 na 34, na seti ya magurudumu madogo nyuma, kwa mfano kuanzia meno 11 hadi 30. Baiskeli nyingi za changarawe zina gurudumu moja tu mbele, kwa mfano la meno 40, na seti pana nyuma ya meno 11 hadi 42.

Tofauti yake huonekana kwa hesabu. Gurudumu la 622 lenye tairi ya milimita 28 lina kipenyo cha takriban milimita 678, na mzingo wake ni kama mita 2.13. Likiwa na tairi ya milimita 40, mzingo huwa kama mita 2.20. Umbali ambao baiskeli huenda kwa mzunguko mmoja wa pedeli hupatikana kwa kugawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha kuzidisha kwa mzingo.

- Giya nzito ya baiskeli ya lami: 50 ÷ 11 × 2.13 = mita 9.7. Kwa mizunguko 90 kwa dakika, kasi ni takriban km 52 kwa saa.
- Giya nzito ya baiskeli ya changarawe: 40 ÷ 11 × 2.20 = mita 8.0. Kwa mizunguko 90, kasi ni takriban km 43 kwa saa.
- Giya nyepesi ya baiskeli ya lami: 34 ÷ 30 × 2.13 = mita 2.4. Kwa mizunguko 60, kasi ni takriban km 8.7 kwa saa.
- Giya nyepesi ya baiskeli ya changarawe: 40 ÷ 42 × 2.20 = mita 2.1. Kwa mizunguko 60, kasi ni takriban km 7.5 kwa saa.

Giya nyepesi ina umuhimu wa pekee kwenye changarawe. Kwenye lami, mtu aliyelemewa na kilima huweza kusimama juu ya pedeli. Kwenye kokoto, akisimama uzito wake huenda mbele, gurudumu la nyuma hukosa mshiko na kuzunguka bure. Hana budi kupanda akiwa amekaa, na kwa hilo anahitaji giya nyepesi.

Seti pana ina hasara yake pia. Hatua kati ya giya moja na nyingine ni kubwa, na katika kundi linalokwenda kasi kwenye tambarare mwendeshaji huweza kukosa giya inayomfaa kabisa. Ndiyo maana baadhi ya baiskeli za changarawe bado zina magurudumu mawili mbele, kama vile ya meno 46 na 30.

Watengenezaji wakuu wa mifumo ya giya ni Shimano ya Japani, SRAM ya Marekani na Campagnolo ya Italia. Shimano ilitoa mwaka 2019 mfumo wa GRX kwa ajili ya changarawe, na Campagnolo ilitoa mwaka 2020 mfumo wa Ekar wenye giya 13. Vihamishi vya mnyororo vya mifumo hiyo huwa na klachi, yaani kifaa kinachoukaza mnyororo ili usirukeruke na kutoka kwenye mashimo.

Giya huendeshwa ama kwa waya ama kwa umeme. Giya za umeme hubadilika upesi na hazihitaji kurekebishwa mara kwa mara, lakini hutegemea betri na vipuri vya kampuni husika. Waya uliokatika hubadilishwa na fundi kwa gharama ndogo.

Breki

Baiskeli za lami za zamani zilitumia breki zinazobana rimu. Siku hizi nyingi zina breki za diski, ambazo UCI iliziruhusu rasmi katika mbio za barabarani mwaka 2018 baada ya miaka kadhaa ya majaribio. Baiskeli za changarawe zimetumia diski karibu tangu mwanzo. Sababu ni mbili: breki ya rimu huacha nafasi ndogo kwa tairi, na matope yakishika rimu breki hupoteza nguvu huku mchanga ukiila rimu yenyewe.

Diski huendeshwa kwa waya au kwa mafuta (haidroliki). Za mafuta zina nguvu zaidi na hudhibitiwa kwa kidole kimoja au viwili. Za waya ni rahisi kutengeneza mahali ambapo hakuna vifaa vya kutoa hewa kwenye mafuta.

Kasi

Kwenye lami, baiskeli ya lami huwa na kasi zaidi, lakini tofauti hiyo haitokani sana na uzito. Kwenye tambarare kizuizi kikubwa ni hewa, na nguvu inayohitajika kuishinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Anayetaka kutoka km 20 hadi km 40 kwa saa anahitaji mara 8 ya nguvu aliyotumia dhidi ya hewa. Mkao wa kuinama na tairi zenye uso laini ndivyo humsaidia mwenye baiskeli ya lami. Uzito huhesabika zaidi kwenye vilima, na hapo unaojumlishwa ni uzito wa baiskeli pamoja na wa mwendeshaji.

Afrika Mashariki

Barabara nyingi za Afrika Mashariki hazina lami, na kwa miaka mingi baiskeli nzito za chuma zimebeba maji, ndizi, mkaa na abiria kwenye njia hizo. Baiskeli za mashindano zimeenea kidogo kwa sababu ya bei yake na ugumu wa kupata vipuri.

Mwaka 2021 mashindano ya Migration Gravel Race yalifanyika kwa mara ya kwanza katika eneo la Maasai Mara nchini Kenya. Ni mbio za siku nne na takriban kilomita 650. Lengo lake mojawapo ni kuwapa wapanda baiskeli wa Afrika Mashariki nafasi ya kushindana na wageni nyumbani kwao, kwa kuwa viza na nauli huwazuia wengi kwenda kushindana Ulaya na Marekani. Timu ya Amani, yenye waendeshaji wa kanda hii, imeshiriki pia mbio za changarawe za nje ya Afrika.

Nahodha wa timu hiyo alikuwa Mkenya Suleiman Kangangi, ambaye awali aliendeshea timu ya Bike Aid ya Ujerumani na kushika nafasi ya tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe ya Vermont Overland nchini Marekani.

Mwezi Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, yakiwa ya kwanza barani Afrika. Mbio za wanaume za kilomita 267.5 zilipita mara nyingi kwenye kilima cha Kimihurura kilichotandazwa mawe. Waendeshaji walikipanda kwa baiskeli za lami, jambo linaloonyesha kwamba mpaka kati ya aina hizi mbili umepungua tangu tairi za lami zilipopanuka.

Usalama kwenye mteremko

Tairi pana na breki nzuri haziondoi hatari ya kokoto zilizolegea. Mawe madogo huviringika chini ya tairi kama gololi, na mshiko hupotea ghafla. Umbali wa kusimama huongezeka mara nne kasi inapoongezeka mara mbili, na kwenye changarawe huwa mrefu zaidi kuliko kwenye lami.

Mwendeshaji hupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, kwa sababu gurudumu la mbele lililokazwa breki likiwa limeinamishwa huteleza kirahisi. Huweka uzito kwenye pedeli badala ya tandiko, hulegeza viwiko, na hutazama mbali mbele badala ya gurudumu. Helmeti ni ya lazima katika mashindano ya UCI, na hupendekezwa kwa kila safari.

Kuchagua

Anayepita kwenye lami karibu wakati wote na anayependa kwenda na kundi la kasi hufaidika na baiskeli ya lami, hasa yenye nafasi ya tairi ya milimita 32. Anayepita kwenye vumbi sehemu kubwa ya safari yake, au kwenye lami iliyojaa mashimo, hufaidika na baiskeli ya changarawe. Mwenye uwezo wa kununua baiskeli moja tu huweza kuchagua ya changarawe na kuwa na tairi jozi mbili: nyembamba zenye uso laini kwa lami, na pana zenye meno kwa vumbi. Baiskeli ya lami haiwezi kubadilishwa hivyo, kwa kuwa tairi pana haitaingia.

Kabla ya kununua baiskeli iliyotumika, inashauriwa kukagua nyufa za fremu, hasa mahali mirija inapoungana, kupima uchakavu wa mnyororo, kusoma namba za tairi, na kuuliza mafundi wa mahali husika ni vipuri gani wanavyo. Kipuri cha bei kubwa ambacho hakipatikani huweza kuilaza baiskeli ndani kwa miezi, ilhali cha daraja la kati kinachojulikana kwa mafundi hurudishwa barabarani siku hiyohiyo.